Asili Yake Manga

Niliondoka Lamu kwenda Chundwa kwa sababu ya msumari. Msumari wenyewe uko ukutani, chumba cha mbele, katika nyumba tunayopanga huku Langoni, na jioni hiyo ulikuwa mtupu. Nilikuwa nimetoka kazini, mwanangu Rukia amenishika buibui anataka kubebwa, nikainua uso nikauona. Kilichokuwa kikining'inia pale hakikuwapo. Na mavyaa wangu, Bi Zena, alikuwa ameshapanda boti asubuhi ile kurudi kwao Chundwa, kisiwani Pate.

Sikuwa na haja ya kuuliza nani. Hata hivyo nilimpigia simu mume wangu, Athman, anayefanya kazi bandarini upande wa Kililana na kuja nyumbani mwisho wa wiki.

"Mamako amechukua picha yangu."

"Picha gani?"

"Ya msichana anayekimbia."

"Aa, ile plastiki. Si utapata nyingine."

Nikamkatia simu. Mtakaposoma haya mkaniona nina hasira, jueni kwamba ilichemka hapo, kwenye hilo neno nyingine.

Hapana nyingine. Niwaeleze, maana hata majirani zangu hawaelewi ninachokusanya. Vibonzo vya Kijapani mnavijua, watoto wenu wanaviangalia kwenye simu zenu. Vya kwenye vitabu huitwa manga, vinavyotembea huitwa anime. Zamani, kabla ya kompyuta, vile vinavyotembea vilichorwa kwa mkono, kimoja kimoja, juu ya plastiki nyembamba inayoitwa seli. Mbele ni mistari ya wino, nyuma ni rangi. Msichana akitaka kupiga hatua moja, ni seli kadhaa, na katika kila moja mguu umesogea kidogo tu. Hupigwa picha, huwekwa kando, na kwenye filamu hupita kabla hujapepesa jicho. Nyingi zilitupwa. Zilizobaki zina watu wanaozitafuta dunia nzima, na mimi, mama wa mtoto mmoja niliyeishia kidato cha nne, ni mmoja wao.

Nilicho nacho kinaenea kwenye mkoba mmoja. Nina karatasi mbili za penseli. Nina ukurasa mmoja wa manga ambao mchoraji alikosea mkono akafunika kosa kwa rangi nyeupe, na ukipitisha kidole unalisikia lile kosa chini yake. Huo niliupata kwa kijana wa Mombasa, nikampa kofia ya mkono, ya vitobo, si ya mashine. Na nilikuwa na seli moja, ya msichana anayekimbia, mguu mmoja juu haujatua. Hiyo nilipewa na Bi Haruko.

Ras Kitau, kesho yake asubuhi. Nilivuka kutoka Shela kwenda kazini kuomba ruhusa. Nafua na kupiga pasi katika nyumba moja ya wageni upande ule, na ndipo nilipomjua Bi Haruko, mama wa makamo anayekuja kupumzika karibu kila mwaka. Siku moja alinikuta kwenye chumba cha pasi nikiangalia katuni wakati wa mapumziko. Akasimama nyuma yangu, kisha akagusa kioo cha simu kwa kidole kidogo, kwenye shavu la kibonzo. Akaniambia kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba hiyo ilikuwa kazi yake alipokuwa msichana. Kupaka rangi. Nyuso na mikono. Safari iliyofuata aliniletea yule msichana, kafungwa ndani ya karatasi laini, akaniambia rangi ya uso ule aliichanganya mwenyewe.

Njeri, mwenzangu wa kufua, mtu wa bara, alinisikiliza huku akikunja mashuka.

"Unaenda mpaka huko kwa sababu ya kakaratasi?"

"Seli."

"Haya, seli. Si uprinti ingine? Hapo kwa cyber wanaprinti hata harusi."

"Njeri, ukiibiwa mtoto utaprinti mwingine?"

"Wacha ushamba. Mtoto na katuni?"

Mfano wenyewe ulikuwa mkubwa mno na nilijua. Lakini alinishikia zamu, na aliponisindikiza gatini alinambia, "Usimpige huyo mama. Ni wa macho." Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa sababu Bi Zena alikuja kwetu kwa ajili ya macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili, haoni uzi wala sindano, na yeye ni fundi wa kofia. Nilimpeleka hospitali mimi. Nilimtia matone mimi, asubuhi, adhuhuri na jioni, namshika kidevu kama namlisha ndege. Nilimwosha, nikamsuka, nikamwongoza msalani. Siku alipofunguliwa bandeji aliona ukuta wangu, na kilichokuwa ukutani akakichukua kwa macho yaleyale niliyoyauguza.

Lamu, siku ya pili yake. Boti la Pate hungoja maji, si abiria. Tulikaa kwenye gati mimi na Rukia, katikati ya magunia ya unga, magodoro na mitungi ya gesi, mpaka nahodha akaridhika. Tulipofika Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya mikoko ya Manda na bara, maji yalikuwa machache bado. Injini ikapunguzwa, tukaambiwa wanene wasogee mbele. Hakusogea mtu. Nahodha akasema basi sote tutalala hapa na wembamba wetu, na wanawake wawili wakainuka wakicheka.

Rukia aliniuliza, "Mama, bibi ameiba?"

Ana miaka mitano na ana sauti ya kuadhini. Boti zima liligeuka.

"Amechukua," nikamwambia.

"Kuchukua ni kuiba?"

"Ukiomba, si kuiba."

"Bibi aliomba?"

Nikampa biskuti.

Njia yote nilikuwa nikipanga maneno. Nina ulimi mbaya, naambiwa hivyo tangu shule, na nilitaka siku hiyo uwe mbaya kwa mpango. Nilitaka kumwambia kwamba mimi si mtoto wa kunyang'anywa vitu. Kwamba katika nyumba ile vyombo ni vya Athman, kitanda tulipewa na mamangu, godoro tulipewa na shangazi, na kitu pekee nilichokitafuta mwenyewe kwa akili yangu ni mkoba ule. Niliyasema moyoni nikayapanga upya, mpaka boti likagusa gati la Mtangawanda.

Mtangawanda hadi Chundwa. Bodaboda mmoja alitubeba sote, Rukia katikati. Njia ni mchanga na mawe ya matumbawe. Penye mchanga pikipiki hucheza kama samaki, penye mawe meno hugongana. Tulipita Siyu, tukakatiza minazini, na upepo ulikuwa na harufu ya majani makavu yanayochomwa shambani. Kila tulipopishana na mtu, dereva alisalimia kwa jina na kunitangaza: "Huyu mkamwana wa Bi Zena, wa Amu," yaani Lamu. Nilipofika Chundwa, Chundwa ilikuwa imeshapata habari.

Bi Zena alikuwa ukumbini, miguu ameinyoosha kwenye mkeka, miwani myeusi ya hospitali imepanda kipajini, kofia mkononi, sindano inatembea. Ilikuwa inatembea vizuri. Sikutaka kufurahi, nikafurahi kidogo.

"Hodi."

"Karibuni," akamwita mtoto kwa mkono. "Ndoo, Rukia, ndoo nikuone. Mumekuya yeo? Mbona hamukupija simu?"

"Shikamoo, mama. Picha yangu iko wapi?"

"Marahaba. Mtoto ana ndaa."

"Mama, nimeuliza."

"Nami nimekujibu. Kuleni kwanda."

Kwetu hutagombana na mtu kabla hujala chakula chake, na ukishakila ugomvi umepungua nusu. Yeye analijua hilo na mimi nalijua. Alileta wali na samaki wa kukaanga, na achari ya maembe aliyoitia pilipili kwa ajili yangu, maana ndivyo nipendavyo. Nilikula kwa hasira. Nilikula sana.

Baada ya adhuhuri aliingia ndani. Nilisikia kifuniko cha sanduku. Akatoka na kitu kimefungwa ndani ya leso mpya, yenye gundi bado, na kabla hajaifungua nikasikia harufu ya udi. Alikuwa amemfukiza. Msichana wangu wa Japani ananukia kama bi harusi.

Akafungua, akaniwekea mapajani.

Nguo za msichana zilikuwapo. Mikono ilikuwapo, nywele, mguu ule ambao haujatua. Pembe moja ya plastiki ilikuwa imejikunja kwa moto wa chetezo. Uso haukuwapo. Mistari ya wino ilikuwa mahali pake, duara za macho, nukta ya pua, mdomo uliofunguka kidogo kwa kuhema, lakini rangi nyuma yake imekwanguliwa yote, safi, kwa uangalifu, bila kugusa nywele. Kupitia uso wake niliona maua ya leso.

Sikusema hata neno moja katika yale niliyoyapanga. Nilisema, "Umefanya nini, mama?"

"Nimeitakasa."

"Kwa nini?"

"Sikiliza. Kitu hiki hakitupwi. Na chenye mato," akaonyesha macho yake, "hakikai kibla mtu akasali. Nikae mimi nasali, nimeelekea mato makubwa kama sahani? Basi nimetoa sura, kilichosalia si kiumbe, ni nguo na mguu. Sasa chaweza kukaa nyumbani, hapana mtu wa kusema. Nalikuwa nakirejesha nikiya kliniki."

"Nani alikwambia hakitupwi?"

Akanitazama kama mimi ndiye niliyekuwa kipofu.

"Wewe."

"Mimi?"

"Siku ile natolewa bandeji. Nikakuuliza, mwanangu, ni nini ile? Ukanambia asili yake Manga."

Wasomaji wangu wa pwani mmeshaelewa. Wa bara niwasaidie: kwetu, Manga ni Uarabuni. Wamanga ni Waarabu waliokuja na majahazi, pilipili manga ni ya kwao, na kwa mtu wa rika la Bi Zena kitu kikitoka Manga kimetoka upande wa Makka. Nami siku ile nilikuwa na chupa ya matone mkononi, wali unaungua jikoni, nikamjibu bila kugeuka: "Ni asili, mama. Ya manga." Seli haikuwa hata manga, ni anime, lakini nani angeeleza tofauti hiyo na wali unaungua?

"Mama," nikasema, "si Manga ile. Manga ni jina la vibonzo. Hii ni ya Japani."

"Japani."

"Japani."

"Hawa wa pikipiki?"

"Haohao."

"Na Manga imengia wapi?"

"Wao wenyewe wanaviita hivyo."

"Kwani hawana luga yao?"

Nikaanza kucheka na kulia pamoja, kisha kucheka kukaisha. Nililia kwa kwikwi, mbele ya mtoto, mbele ya jirani aliyejifanya amekuja kuomba chumvi. Bi Zena alimpa chumvi na kumfungia mlango.

Alipokaa tena alisema, bila ubaya, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Ningalijua ni ya Japani ningaliitia motoni kulekule Amu."

Hilo nililala nalo. Lakini kwanza nilichukua ile kofia aliyokuwa akiishona. Nikainua juu, mwanga wa dirishani ukapita kwenye vitobo vyake vyote, kazi ya miezi, hakuna kimoja kikubwa kuliko mwenzake. Nikaweka ukucha wangu penye uzi wa kwanza wa utosi.

"Nikiifumua hapa katikati? Pembeni nisiguse. Pembeni iwe nzima."

Mkono wake uliruka. Aliushusha mwenyewe, polepole.

"Ukiifumua utaishona nyingine," nikaendelea. "Si utapata nyingine? Ndivyo mwanao alivyonambia."

"Athumani kasema hivyo?"

"Kwa simu."

Akafyonya. Mfyonyo ule ulikuwa wa mwanawe, si wangu. Akaichukua kofia mkononi mwangu, akaitazama, akasema:

"Kofia haina mato."

"Ina mikono yako."

Alishona mpaka alasiri, na mimi nikakaa pale pale na msichana wangu asiye na uso, Rukia kati yetu anapanga mabaki ya uzi kwa rangi.

Chundwa, asubuhi ya kuondoka. Nilikuwa nafunga mkoba. Bi Zena aliingia na kikaratasi kilichokunjwa, kidogo, kama wanavyokunja dawa ya mganga. Akakitia kiganjani mwangu, akanifunga vidole.

Nikafungua. Ndani mlikuwa na vipande vya rangi, vyembamba kama maganda ya vitunguu. Vingi rangi ya ngozi, rangi ya Bi Haruko, na vichache vyeupe vya macho.

"Sikuitupa," alisema. "Ikikanyagwa je? Nalidhani ni ya Manga."

"Lakini tangu jana wajua si ya Manga. Mbona hukuitupa jana?"

Alishusha miwani yake myeusi ikafunika macho. Ndani ya nyumba, hakuna jua.

"Yana umelia," akasema. "Mtu halilii plastiki, mwanangu."

Hakuniomba radhi. Nilingoja, nawaambia kweli, nilisimama na mkoba begani nikingoja, na bodaboda anapiga honi nje. Badala yake alimbusu Rukia, akatutilia nazi mbili kwenye mfuko, akaniuliza kama chupa ya matone mapya nitamnunulia Lamu au aagize Faza, kulekule kisiwani.

"Nitanunua," nikasema.

Njia ya kurudi. Maji yalikuwa mengi, Mkanda tuliupita bila kusimama. Rukia aliomba kumshika msichana. Nikakataa, kisha nikampa, nikishika pembe moja. Akamweka usoni pake na kunitazama kupitia pale palipokuwa uso. Mistari ya macho ikakaa karibu na macho yake, haikulingana. Akasema, "Mama, naona." Nikasema, "Unaona nini?" Akasema, "Wewe umekasirika."

Lamu, jioni hiyo. Nilimpigia Bi Haruko kabla hata ya kuvua buibui. Nilimweleza yote, na pale kwenye Manga nilirudia mara mbili mpaka akaelewa. Kisha akaniambia jambo ambalo nimelifikiria kila siku tangu hapo. Kazini kwao, alisema, mpakaji hapaki upande wa mbele. Anapaka nyuma, kinyume, na uso huuoni mpaka ukauke uugeuze. Akaniuliza mavyaa wangu alikwangua upande gani.

"Nyuma."

"Kwa nini?"

"Kwa kitu gani? Kwa kucha. Wino wa mbele haukubanduka."

"Basi naye hakuuona uso alipokuwa akifanya," alisema. "Kama mimi."

Alisema nimpelekee, mkono wake bado si mbaya, fomula ya rangi ile anaikumbuka, ataupaka tena uwe kama ulivyokuwa. Nilimshukuru. Nikamwambia nitafikiri, na nilifikiri wakati naosha vyombo. Niliitaka. Msidhani sikuitaka. Lakini nilikwenda mpaka Chundwa kwa kuwa mtu alishika kitu changu akakifanya kiwe anavyotaka yeye kiwe, na uso mpya, hata kwa mkono uleule, ungekuwa nyingine. Neno lilelile la Athman. Nilipompigia tena Bi Haruko kumwambia hapana, alicheka, akasema wakusanyaji wote ni watu wagumu.

Athman alikuja mwisho wa wiki. Akavua viatu, akatazama ukuta. Nilikuwa nimemrudisha msichana, si kwenye msumari wa zamani ulioelekea kibla, bali ukuta wa pili, karibu na dirisha. Chokaa nyeupe inaonekana mahali pa uso.

"Mbona hana uso?"

"Muulize mamako."

Alikuwa ameshamuuliza. Nilijua, maana hakusema kitu juu ya plastiki, na alikuwa amekuja na fremu ya kioo, mbaya, ya dhahabu ya uongo, ya kuwekea cheti cha ndoa. Nimeiweka kando. Nilimwambia ahsante.

Nimejifunza nini? Nilidhani kitu cha asili ni kile ambacho hakijaguswa tangu kilipotoka kwa aliyekitengeneza. Sasa siamini hivyo. Wanaokusanya huandika nyuma ya kila kipande kilikotoka na kilikopita, na mimi niliandika, kwa penseli, kwenye karatasi ya nyuma ya seli yangu: Uso umepakwa Japani na Bi Haruko. Uso umekwanguliwa Chundwa na Bi Zena, kwa kudhani ni wa Manga. Vile vipande vya rangi nimevibandika hapohapo, ndani ya kikaratasi chake. Hakuna aliye nayo kama hii popote. Na lile neno nililolitupa bila kugeuka, la makosa, ndilo lililoiokoa na moto.

Bi Zena alikuja kliniki mwezi uliofuata. Alitandika msala wake, akasali chumba cha mbele, akakaa kitako akamtazama msichana kwa muda. Rukia akamwuliza mbele yangu, kwa ile sauti yake, kwa nini alimtoa uso.

"Nalidhani Mmanga," Bi Zena akasema. "Kumbe pikipiki."

Akacheka mpaka akashika mbavu, na Rukia akacheka kwa kuwa bibi anacheka, na Athman naye, mlangoni, akajificha nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa na chupa ya matone mkononi. Nilimshika kidevu nikamwambia afumbue macho.

Siku moja nitacheka. Lakini si mwaka huu.